Mteja Akirudisha Mali: Somo kwa Mfanyakazi Anayeuza kwa Simu



Katika mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi, katika chai ya Fort Portal, na katika viwanda vya Jinja na Namanve, wengi wetu leo tuna biashara ndogo ndani ya simu. Mmoja hununua viatu Kikuubo, akavipiga picha na kuvionyesha kwenye WhatsApp. Mwingine huuza vitenge, mwingine sufuria, mwingine nguo za mitumba alizochagua Owino alfajiri siku yake ya mapumziko. Mteja hutuma pesa kwa simu, mzigo hupanda bodaboda au basi, na muuzaji huhesabu faida yake.

Somo hili linahusu siku ile mzigo unaporudi.

Karibu kila anayeanza biashara hii anajua bei ya kununulia na bei ya kuuzia. Lakini ni wachache walioamua mapema watafanya nini mteja atakapopiga simu na kusema, "Viatu hivi sivyo nilivyoviona kwenye picha, nirudishie pesa yangu." Kwa kuwa hawakuamua mapema, huamua kwa hasira au kwa woga, na wengine huzima simu kabisa. Mwenye duka la mjini akigombana na mteja, mteja huyo huenda asirudi tena. Lakini mfanyakazi anawauzia jirani wa kambini, watu wa zamu yake, ndugu za watu wa zamu yake, na watu waliompata kupitia hao. Akizima simu leo, kesho kutwa habari imefika kwenye mstari wa chakula.

MANENO YA KWENYE RISITI

Sote tunayajua maneno yaliyopigwa chapa chini ya risiti za madukani: mali ikishauzwa hairudishwi. Tukiwa wanunuzi tunayachukia. Ajabu ni kwamba mfanyakazi akianza kuuza, jambo la kwanza analoandika chini ya picha zake ni maneno yale yale. Anadhani ndiyo kinga ya biashara.

Kwa mali inayouzwa kwa simu au intaneti, maneno hayo hayana nguvu ambayo watu wanayapa. Hapa Uganda tunayo Sheria ya Shughuli za Kielektroniki ya mwaka 2011, na ndani yake kuna sehemu ya kumlinda mnunuzi. Inampa mnunuzi siku saba tangu alipopokea mali kuvunja ununuzi wake, hata kama mali haina kasoro. Gharama pekee anayoweza kutozwa kwa kuvunja ni ile ya kuirudisha mali. Kama alikwisha kulipa, anastahili kurudishiwa pesa yake yote ndani ya siku thelathini tangu alipovunja. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba sharti lolote katika mapatano linalomnyang'anya mnunuzi haki hizo ni batili. Kwa hiyo unaweza kuandika "hairudishwi" kwa herufi kubwa kila siku, na bado mteja akawa na haki yake.

Wengine watauliza: haki gani hii ya kurudisha kitu kizima? Jibu ni jepesi. Anayenunua dukani huishika mali kwanza. Huvaa kiatu, hupinda soli, hunusa ngozi, huvuta uzi wa kitenge. Anayenunua kwa simu hana mkono huo, ana picha tu, na picha imepigwa na mwenye kutaka kuuza. Siku saba zile ni badala ya mkono. Ukilielewa hilo hutamwona tena mteja anayerudisha mali kuwa adui, wala hutashangaa anaposema rangi aliyoiona ilikuwa nyingine. Simu nyingi hubadilisha rangi, hasa picha ikipigwa usiku chini ya taa.

Sheria haikusahau upande wa muuzaji. Baadhi ya vitu havimo katika haki hiyo ya siku saba. Chakula na vinywaji vya matumizi ya kila siku vinavyopelekwa nyumbani havimo, wala vitu vinavyoharibika upesi, wala vitu vilivyotengenezwa kwa kipimo au matakwa ya mteja mwenyewe. Dada anayeshona gauni kwa vipimo vya mteja hawezi kulazimishwa kulipokea gauni hilo kwa sababu mteja amebadilisha mawazo. Lakini aangalie vizuri: kama vipimo vilisema kiuno 32 naye akashona 28, hapo mteja hajabadilisha mawazo. Hilo ni kosa la kazi, na kazi mbaya hurekebishwa au pesa hurudi.

Kuna sheria nyingine pia, ile ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017. Katika mambo inayoshika, mali iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo, na iliyouzwa kwa sampuli lazima ilingane na sampuli. Basi kila neno unaloandika chini ya picha ni maelezo. Ukiandika "ngozi halisi" na kiatu ni plastiki, usimlaumu mteja. Kama hujui ni ngozi au si ngozi, andika "kiatu cheusi cha kufunga kamba, namba 40 hadi 44", uache hapo. Katika mitumba, andika doa liko wapi na upige picha ya doa lenyewe. Nimeona nguo yenye doa lililoonyeshwa ikinunuliwa upesi kuliko ile iliyosemwa kuwa "safi kabisa", kwa sababu watu wanachoogopa ni kudanganywa zaidi kuliko doa.

KOSA NI LA NANI?

Kabla ya kubishana na mteja, jiulize mali inarudi kwa sababu gani. Hilo ndilo linaloamua nani abebe gharama, na watu wengi hugombana kwa sababu wamechanganya mambo mawili.

Kuna mali inayorudi kwa sababu ya kosa la muuzaji: imepasuka, haifanyi kazi, namba si ile iliyoagizwa, rangi ni nyingine. Hapo muuzaji anarudisha bei, anarudisha nauli ya kupeleka aliyomtoza mteja, na analipa nauli ya kurudisha. Kumwambia mteja alipie bodaboda kwa kosa lako ni kumkata mtu mshahara kwa mashine iliyoharibiwa na mwingine, na sisi tunajua vizuri jinsi hilo linavyouma.

Na kuna mali inayorudi kwa sababu mteja ameona haimfai. Hapo anarudishiwa bei yake, lakini bodaboda ya kurudisha ni juu yake. Mali iwe kama ilivyokwenda. Kiatu kilichotembea hadi kanisani na kurudi kinaonekana kwenye soli.

Mali iliyovunjika njiani ndiyo inayoleta kelele zaidi. Mwendesha bodaboda anasema alipewa ikiwa hivyo, muuzaji anasema aliifunga vizuri, mteja yuko katikati na pesa imekwenda. Maoni yangu ni kwamba mteja hakumchagua mwendesha boda, uliyemchagua ni wewe, kwa hiyo mmalizie mteja kwanza, kisha umfuate mwendesha boda. Ili uwe na la kumwambia, fungua mzigo mbele yake kabla hajaondoka, aone sahani zote ni nzima, piga picha, ndipo ufunge. Mzigo wa basi uwe na karatasi ya kampuni yenye namba na maelezo ya kilichomo. Dakika tano hizo wengi huziona nyingi.

TUPIGE HESABU

Hapa ndipo biashara nyingi za wafanyakazi zinapofia, kwa hiyo tusiharakishe.

Tuseme mfanyakazi ananunua jozi 10 za viatu kwa shilingi 25,000 kila moja. Mtaji wake ni 250,000. Anauza kila jozi 35,000, na mteja anaongeza 5,000 ya bodaboda. Akiuza zote bila tatizo, faida yake ni 10,000 kwa jozi, jumla 100,000, kabla ya kutoa bando la intaneti na nauli yake mwenyewe ya Kampala. Hesabu hii kila mtu anaipiga.

Sasa jozi moja ina soli iliyoachia. Mteja alilipa 40,000, anarudishiwa 40,000. Bodaboda ya kupeleka, 5,000, imekwisha kuliwa. Bodaboda ya kurudisha ni 5,000 nyingine. Kiatu kibovu mkononi hakiuziki. Ukijumlisha, muuzaji amepoteza 35,000: yaani 25,000 aliyompa mwenye duka na 10,000 ya njiani. Jozi moja mbovu imemeza faida ya jozi tatu na nusu.

Zikiwa mbovu mbili, amepoteza 70,000. Nane zilizobaki zimemletea 80,000. Baki ni shilingi 10,000 kwa mwezi mzima wa kupiga picha, kujibu simu usiku baada ya zamu, na kwenda Kampala siku ya mapumziko. Ongeza ada za kutuma pesa za watu, ongeza bando, pengine hakuna kilichobaki.

Hesabu hii inafundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba mahali pa kupambana na mali mbovu ni kule Kikuubo, kabla hujalipa. Kagua jozi moja moja, si ile ya juu tu aliyokuonyesha. Vuta soli, funga na kufungua zipu, linganisha mguu wa kushoto na wa kulia, maana hutokea kimoja ni 41 na kingine 42. Mwenye duka atanuna kwa sababu kuna watu nyuma yako. Anune. Kisha muulize kabla ya kutoa pesa: zikitokea mbovu, unabadilisha? Kwa siku ngapi? Wengi watakataa kurudisha pesa lakini watakubali kubadilisha, na akikubali aandike kwenye risiti. Asiyetaka hata kubadilisha, ni afadhali ununue kwa jirani yake kwa shilingi 1,000 zaidi.

La pili ni akiba. Pesa iliyoingia leo bado si yako yote. Mteja ana siku saba. Wauzaji wapya hulipwa asubuhi na jioni wamelipa ada ya shule, na mteja akirudisha mali siku ya nne hawana kitu. Hapo ndipo simu huzimwa. Katika mfano wetu, muuzaji akiweka kando 4,000 katika kila jozi anayouza, jozi tisa zimempa 36,000, na jozi moja mbovu imelipika bila kugusa mtaji wala mshahara. Pesa hiyo isikae pamoja na ya sukari ya nyumbani. Iwe na laini nyingine ya simu, au sanduku, au awekewe na mwenzake wa kikundi. Ikifika mwisho wa mwezi haikutumika, aiongeze kwenye mtaji.

MAPATANO YAANDIKWE MAPEMA

Sisi tuliozoea mapatano ya kazi tunajua kwamba neno ambalo halikuandikwa kila upande hulikumbuka kwa namna yake. Biashara ni hivyo hivyo. Sheria ya 2011 inamtaka muuzaji amjulishe mnunuzi yeye ni nani, anapatikana wapi, simu yake ni ipi, bei yote pamoja na nauli ni kiasi gani, na masharti ya kurudisha ni yapi. Haya yote yanaingia katika ujumbe mmoja mfupi unaomtumia kila mteja kabla hajalipa. Kwa mfano:

"Viatu 35,000, bodaboda 5,000, jumla 40,000. Ukivipokea vijaribu ndani ya nyumba. Kama kuna kosa langu, nijulishe na picha ndani ya siku saba, nitarudisha yote na nauli. Kama havikupendezi, vilete ndani ya siku saba vikiwa havijavaliwa nje, nitakurudishia 40,000, na nauli ya kurudisha utalipa wewe. Ninarudisha pesa kwenye namba iliyolipa, siku ile ile ninapopokea viatu."

Wengine wanaogopa kwamba ujumbe kama huu utawafundisha wateja kurudisha mali. Kwa niliyoyaona kwa wenzetu, unawapa watu moyo wa kununua. Yule ambaye alikuwa ananunua jozi moja kwa wasiwasi ananunua na ya mtoto.

Tena, uwe na daftari. Andika tarehe, jina, namba iliyolipa, kiasi, namba ya muamala, tarehe mzigo uliyopokelewa. Simu huibiwa, huanguka ndani ya maji, na Januari 2021 wakati wa uchaguzi intaneti nchini ilifungwa kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na kila kitu ndani ya WhatsApp hakujua hata anadaiwa na nani.

SIKU MALI INAPORUDI

Mjibu mteja siku ile ile, hata kama uko zamu, kwa maneno machache: "Nimeona, nitakupigia saa moja jioni," na saa moja upige. Usijibizane naye mbele ya kikundi kizima. Omba picha. Usiseme "wengine hawajalalamika", maana hilo halihusu kiatu chake.

Mali ikifika, ikague mbele ya aliyeileta, ulinganishe na picha uliyopiga ulipotuma. Wapo wachache wanaorudisha kiatu cha zamani badala ya kile kipya, au betri nyingine badala ya ile uliyouza. Dawa yake ni alama ndogo unayoijua wewe: nukta ya kalamu ndani ya ulimi wa kiatu, au namba ya kifaa iliyoandikwa katika daftari. Ukiona alama haipo, sema kwa utulivu kwamba hiki sicho, na uonyeshe picha.

Kama mali ni yenyewe, rudisha pesa hapo hapo, kwenye namba ile iliyolipa. Hili msilegeze hata kidogo. Mtu akikuambia, "Nitumie kwa namba ya kaka yangu, laini yangu imeharibika," kesho mwenye laini anaweza kudai hajarudishiwa kitu, naye atakuwa na ushahidi kuliko wewe. Kama hapana budi kutumia namba nyingine, mteja aandike ombi hilo kwa ujumbe kutoka namba iliyolipa, au aje mwenyewe na kitambulisho, upige picha ya mapatano.

Upo pia ujanja mwingine unaowanasa wauzaji wapya kila mwezi. Unapata ujumbe kwamba umetumiwa shilingi 140,000, kisha simu inalia: "Mama, nilitaka kutuma 40,000, nimekosea, nirudishie 100,000." Ujumbe ni wa uongo, hakuna kilichoingia. Usisome ujumbe, tazama salio lako mwenyewe kwenye simu. Kama kweli pesa imeingia kwa makosa, mwambie apige kwa kampuni ya simu, waishughulikie wao. Na hakuna kurudisha pesa kunakohitaji namba yako ya siri. Anayeiomba ni mwizi, hata akiwa na sauti ya ofisi.

Kuhusu ada: kutuma kuna ada yake, na mteja akitoa pesa kwa wakala kuna ada nyingine pamoja na kodi ya serikali. Kodi hiyo ilianza Julai 2018 kwa asilimia moja, watu wakapiga kelele, na mwaka huo huo ikapunguzwa kuwa nusu ya asilimia kwa pesa inayotolewa. Kwa 40,000 ni shilingi 200, juu ya ada ya wakala. Ushauri wangu ni kwamba kosa likiwa lako, ongeza ada ya kutoa ili mteja apate 40,000 kamili mkononi. Kosa likiwa si lako, ada ya kutuma ibebe wewe, ya kutoa aibebe yeye. Mwambie kabla ya kutuma.

Mkishindwa kupatana, mteja anaweza kwenda kwenye utaratibu wa madai madogo mahakamani, uliowekwa kwa kanuni za mwaka 2011. Hushughulikia madai yasiyozidi shilingi milioni 10, na hakuna haja ya wakili. Lakini njia hiyo hiyo iko wazi kwako pia, kwa mwenye duka aliyekuuzia jozi 10 ambazo 6 zimeachia soli. Hapo ile risiti aliyoandika "nitabadilisha" itakuwa na kazi, na picha zako pia.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA TAWI

Wenzetu wanaouza walete madaftari yao. Kila mmoja apige hesabu ya mali yake kama tulivyofanya kwa viatu: je, kitu kimoja kibovu kinameza faida ya vingapi? Anayeuza simu zilizotumika atashangaa kuliko anayeuza vitenge.

Mama mmoja ameuza blanketi kwa mfanyakazi wa shamba la jirani. Siku ya sita blanketi limerudi, limefuliwa mara moja, na mnunuzi anasema limepukutika nyuzi. Hakuna picha iliyopigwa kabla. Je, hili ni kosa la muuzaji au mteja amebadilisha mawazo? Nani alipe basi?

Je, wauzaji watano au sita wa kambi moja wanaweza kuwa na mfuko mmoja wa kurudishia pesa, kila mtu akichangia kwa kila alichouza? Nani atautunza, na itakuwaje mmoja wao akinunua mali bila kukagua halafu mfuko ukalipia uzembe wake? Katibu wa tawi aandike majibu ya swali hili na kuyaleta, kwa kuwa katika matawi mawili niliyotembelea ndilo lililochukua muda mrefu kuliko mengine yote, na watu waliondoka kabla hawajakubaliana.